Kwa Nini Tunakimbia na Mizani Haishuki?



Katika ghala la seminari yetu kuna mizani ya kupimia magunia ya mahindi na maharage. Ni mizani ya kizamani, ile ya kusogeza vyuma, na tangu mwaka jana imepata kazi ya pili: mafrateri tunapanda juu yake kujipima wenyewe. Ilianza na mwenzetu mmoja wa darasa la falsafa. Alikwenda zahanati kwa sababu ya kichwa kumuuma, akapimwa shinikizo la damu, likakutwa juu. Akaambiwa apunguze uzito na afanye mazoezi. Haikupita wiki akaanza kukimbia alfajiri kabla ya Masifu ya Asubuhi, kilomita 5 kwenda na kurudi, mvua inyeshe isinyeshe. Baada ya miezi mitatu alipanda mizani mbele yetu. Uzito ulikuwa umeongezeka kilo moja.

Tulicheka. Hatuna namna nzuri ya kulisema hilo. Mmoja wetu akasema kumbe jamaa anakimbilia jikoni, na maneno hayo yakazunguka bwaloni wiki nzima. Mwenzetu akacheka pamoja nasi, kisha akaacha kukimbia. Alipoacha yeye, shinikizo la damu halikuacha. Aliporudi kupimwa likakutwa juu kuliko mara ya kwanza, naye sasa alikuwa anaona aibu hata kuonekana amevaa raba. Hapo ndipo tulipoanza kusoma, kwanza kwa kujuta, baadaye kwa hamu ya kuelewa. Sisi si madaktari. Lakini tulichokikuta kinamhusu kila anayekimbia, anayeruka kamba au anayetembea baada ya Misa ya pili akitumaini suruali itamlegea, na kimebadilisha namna tunavyozungumza mezani.

Hesabu inayotuangusha

Tuanze na hesabu, maana wengi tunaikosea. Nguvu inayotokana na chakula hupimwa kwa kilokalori, ambazo katika mazungumzo ya kawaida huitwa kalori tu. Mtu anayekimbia hutumia takribani kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa kila kilomita. Frateri wa kilo 65 akikimbia kilomita 5 atatumia kama kilokalori 325. Akitembea umbali huohuo atatumia pungufu ya hapo.

Sasa tazama upande wa sahani. Unga wa mahindi gramu 100 una kilokalori kama 360. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kama 120. Soda ya mililita 350 inakaribia 150. Kwa hiyo mbio zote za alfajiri, pamoja na jasho lake na mbwa wa njiani, zinafutwa na nyongeza ya ugali ambayo hakuna mtu bwaloni angeigeukia kuitazama. Kilo moja ya mafuta ya mwilini nayo imebeba kama kilokalori 7,700. Ukigawanya kwa 325 unapata karibu mbio 24. Yaani mwenzetu angehitaji kukimbia siku 24 ili apungue kilo moja, na katika siku zote hizo asiongeze hata tonge moja juu ya alichokuwa anakula zamani.

Asiongeze hata tonge moja. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu mwili haukai kimya mtu anapoanza kuutumikisha. Unahesabu nao, tena kwa makini kuliko sisi.

Njaa inatoka wapi?

Wengi tumezoea kudhani kwamba njaa ni tumbo tupu na shibe ni tumbo lililojaa. Tumbo lina sehemu yake, lakini mazungumzo makubwa yanafanyika kati ya tumbo, utumbo, mafuta ya mwilini na ubongo, na wajumbe wake ni homoni zinazosafiri ndani ya damu. Mwaka 1999 wanasayansi wa Japani, Masayasu Kojima, Kenji Kangawa na wenzao, walitangaza homoni inayotoka hasa tumboni, wakaiita ghrelini. Kiwango chake hupanda kabla ya chakula na kushuka baada ya kula. Hiyo ndiyo inayotufanya tuangalie saa kuanzia saa sita na nusu mchana, hasa Baba mwalimu anapokuwa bado yuko kwenye hoja ya pili kati ya tano. Kwa upande wa shibe zipo nyingine zinazotoka kwenye utumbo chakula kinapofika, mojawapo huitwa peptidi YY na nyingine GLP-1. Sindano za kupunguza uzito zinazovuma siku hizi, zenye dawa kama semaglutide, zinafanya kazi kwa kuiga hiyo GLP-1.

Mazoezi yanaingiaje hapo? Wachezaji mnalijua jibu la kwanza bila kusoma popote. Filimbi ya mwisho ikilia jioni, hakuna anayetaka ugali. Watu wanataka maji. Mazoezi makali hushusha ghrelini kwa muda na kupandisha zile homoni za shibe, na damu nyingi huwa imekwenda kwenye misuli na kwenye ngozi badala ya utumbo. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliandika katika jarida la Nature kuhusu molekuli ndogo ambayo mwili huitengeneza kutokana na laktati, kitu kinachozalishwa kwa wingi misuli inapofanya kazi ngumu. Panya wanene waliopewa molekuli hiyo walikula kidogo kuliko wenzao. Kwa binadamu nayo huongezeka baada ya mazoezi, lakini kutoka panya hadi frateri ni safari ndefu, kwa hiyo tusiharakishe.

Kumbe basi, mazoezi yanapunguza hamu ya kula! Ndiyo, kwa muda mfupi, mara nyingi saa moja hivi au zaidi kidogo. Uchunguzi mwingi unaonyesha pia kwamba siku ileile ya mazoezi watu wengi hawali zaidi ya kawaida yao. Ndiyo maana wiki ya kwanza na ya pili mtu hujisikia mshindi. Deni huja kudaiwa taratibu, kwa wiki na miezi.

Mdai mkuu ni homoni nyingine, leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman huko New York. Hii hutoka kwenye mafuta yenyewe ya mwilini. Mafuta yakiwa mengi, leptini huwa nyingi, na ubongo hupata taarifa kwamba ghala limejaa. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, na ubongo huelewa kwamba ghala linaisha. Haujui kwamba unapungua kwa ushauri wa daktari. Kwake yeye kupungua ni kupungua, iwe ni kwa raba au kwa ukame, na jibu lake ni lilelile lililowaokoa babu zetu katika miaka ya njaa: kuongeza hamu ya chakula na kubana matumizi. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Anayeianzisha njaa hiyo kwa mpango wake mwenyewe naye hasamehewi.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao ulitufurahisha zaidi. Watu wenye uzito mkubwa waliofanyishwa mazoezi kwa wiki 12 huko Uingereza walionekana kubadilika kwa njia mbili zinazovutana. Njaa ya asubuhi kabla ya kula iliongezeka kwa wengine. Lakini kifungua kinywa kilekile, chenye nguvu ileile, kiliwashibisha vizuri kuliko mwanzo. Yaani mazoezi yalikuwa yamekaza ile sauti ya njaa na papo hapo yakainoa ile sauti ya shibe. Mtu akijua hili anaweza kulitumia: alfajiri avumilie kelele za tumbo, kisha mezani ale polepole ili sauti ya pili ipate nafasi ya kusikika. Sisi tunaokula kwa kufukuzana na kengele tunaikosa kabisa.

Wanaofidia bila kujua

Tulipomuuliza mwenzetu, kwa uangalifu safari hii, alisema kweli alikuwa haongezi chakula mezani. Tulimwamini. Lakini tulipokaa naye tukaiangalia siku yake, mambo matatu yalijitokeza. Kwanza, chai ya saa nne alikuwa anaiongezea sukari, akisema moyoni kwamba ameitolea jasho. Pili, Jumamosi, siku ya kazi za mikono, alikuwa anachagua kupalilia bustani ya maua badala ya kubeba maji, kwa kuwa miguu ilikuwa imechoka. Tatu, ule muda wa baada ya chakula cha mchana, ambao zamani alikuwa anazunguka uwanjani na rozari yake, sasa alikuwa analala. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ni ulafi. Ni mwili unaojirudishia chake kwa mlango wa nyuma: kijiko cha sukari hapa, nusu saa ya kitanda pale.

Na sisi wanafunzi tuna mlango wa nyuma wa kwetu. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Laval, Kanada, walichapisha uchunguzi wa wanafunzi wa kike 14. Katika siku tofauti walikaa dakika 45 wakipumzika tu, au wakisoma maandishi na kuyaandikia muhtasari, au wakifanya majaribio ya akili kwenye kompyuta. Kisha wakaachwa wale watakavyo. Kazi ya kichwa ilitumia kilokalori 3 tu zaidi ya kupumzika. Lakini baada ya kusoma na kuandika walikula zaidi kwa kilokalori kama 200, na baada ya majaribio ya kompyuta kama 250. Ni uchunguzi mdogo, wa watu wachache. Hata hivyo yeyote aliyewahi kutoka kwenye mtihani wa Metafizikia akaelekea moja kwa moja kwenye mandazi hatahitaji ushahidi mwingi.

Kiwanda cha Bengal na watu wa Eyasi

Swali la kazi, chakula na uzito liliulizwa zamani, na moja ya majibu ya kukumbukwa lilitoka India. Mwaka 1956 Jean Mayer, mtaalamu wa lishe mzaliwa wa Ufaransa aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha pamoja na wenzake uchunguzi wa wanaume 213 wa kiwanda cha magunia ya jute huko Bengal Magharibi. Uzuri wa kiwanda kile ni kwamba kilikuwa na kila aina ya kazi mahali pamoja, kuanzia wauza duka waliokaa kibandani kutwa nzima, makarani na mafundi, hadi wabeba makaa ya mawe na mizigo. Kuanzia kazi nyepesi kwenda nzito, watu walikula zaidi kadiri kazi ilivyozidi, na uzito wao haukupishana sana. Mwili ulikuwa unalinganisha mapato na matumizi. Ajabu ilikuwa kwa wale wa kukaa tu. Hao walikula sawasawa na wabeba mizigo, na walikuwa wanene kuliko wote.

Mayer aliona hapo kwamba hamu ya kula ni kama mizani inayohitaji kusukumwa kidogo ili ifanye kazi. Mtu anayejishughulisha, hata kwa kiasi, njaa yake huwa inasema kweli. Mtu asiyesogea kabisa njaa yake hupoteza kipimo. Uchunguzi wa baadaye umeongeza mengi na kupinga baadhi, ila wazo hilo bado linatajwa na wataalamu hadi leo, nasi tunaliona kuwa ndilo kiini cha jambo lote. Faida ya kwanza ya mazoezi kwa mlaji ni kuirudishia njaa ukweli wake. Kuchoma chakula kilichokwisha kuliwa ni faida ndogo kando ya hiyo.

Jibu la pili lilitoka hapahapa kwetu. Wahadzabe wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, baadhi yao bado wanategemea kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda ya porini na kurina asali. Mtafiti Herman Pontzer wa Marekani na wenzake walipima nguvu inayotumiwa na watu wazima 30 miongoni mwao, kwa njia ya maji maalumu ambayo mtu huyanywa, kisha mkojo wake hupimwa kwa siku kadhaa. Wanaume walikuwa wanatembea kilomita 11 hivi kwa siku na wanawake karibu 6, mbali na kuchimba na kubeba. Kila mtu alitarajia watakutwa wanatumia nguvu nyingi kupita kiasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: ukizingatia ukubwa wa miili yao, walitumia nguvu karibu sawa na watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini.

Inawezekanaje? Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti. Ukitumia zaidi kwenye miguu kila siku kwa muda mrefu, unabana kwingine: kwenye shughuli za ndani ambazo hatuzioni, kama vile uvimbe usio na sababu na homoni za msongo. Wapo wataalamu wanaoona kwamba amelivuta jambo mbali mno, na mjadala haujafungwa. Lakini sote tunaweza kuona jambo moja. Wahadzabe hawana vitambi, shinikizo lao la damu ni zuri hata uzeeni, na siri yake si kwamba wanachoma kalori nyingi kuliko karani wa Chicago. Chakula chao, na miili yao isiyokaa bure, vinafanya kazi ambayo mizani ya magunia haiwezi kuisoma.

Mina kumi za Milo

Kuna uchunguzi mmoja ambao tungeubandika kwenye mlango wa bwalo kama tungeruhusiwa. Nao ni wa wiki 12, uliofanywa na Neil King na wenzake na kuchapishwa mwaka 2008. Watu 35 wenye uzito mkubwa walifanya mazoezi mara 5 kwa wiki chini ya uangalizi, kila mmoja hadi atumie kilokalori 500. Hakuna aliyeweza kutega. Kwa wastani walipungua kilo 3.7. Ila wastani huo umeficha mambo: mmoja alipungua kilo 14.7, na mwingine aliongezeka kilo 1.7. Jasho lilelile, saa zilezile, watu wawili wenye matokeo yaliyo mbalimbali kama mashariki na magharibi. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye hamu ya kula: waliopungua kidogo ndio ambao njaa yao ilipanda zaidi.

Wanafunzi wa falsafa tulipolisoma hili tulitazamana, kwa sababu tulishalisoma mahali pengine. Katika kitabu cha pili cha Maadili kwa Nikomako, Aristotle anaeleza kwamba kiasi cha kati kinachotafutwa katika fadhila si kile cha hesabu tupu, bali ni cha kati kwetu sisi. Mfano anaoutoa ni wa chakula cha wanamichezo. Ikiwa mina 10 za chakula ni nyingi mno na 2 ni chache, haimaanishi kwamba mkufunzi ataagiza 6 kwa kila mtu. Mina 6 zitakuwa chache kwa Milo, yule mpiga mieleka mashuhuri wa Krotoni, na zitakuwa nyingi kwa anayeanza mazoezi. Tuliwahi kulijibu swali hilo kwenye mtihani, tukapata alama zetu, tukaenda bwaloni kumcheka mtu ambaye sahani yake ni sawa na yetu na mwili wake si sawa na wetu.

Hatusemi kwamba ulafi haupo. Upo, na sisi tunaujua kwa majina. Tunachosema ni kwamba huwezi kuusoma kwenye kitambi cha mtu. Mwembamba anayenyakua kipande kikubwa cha nyama kila siku anaweza kuwa mlafi kuliko mnene anayepambana kimya na njaa ambayo wewe hujawahi kuionja. Njaa yenyewe huja bila kuomba ruhusa ya akili. Uhuru wetu unaanzia pale tunapoijibu, na si haki kumhukumu mtu kwa kishindo cha sauti anayoisikia yeye peke yake.

Basi tukimbie kwa ajili ya nini?

Tukiishia hapo, wengine watafunga raba zao kabatini kwa furaha. Ngojeni kwanza.

Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa kutwa nzima. Makondakta walipanda na kushuka ngazi za basi siku nzima wakikata tiketi. Walikuwa watu wa tabaka moja, mji mmoja, mwajiri mmoja, na bado makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na walioupata hawakufa nao kwa haraka vile. Baadaye ilichunguzwa kama sababu ni unene tu, maana sare za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni. Unene peke yake haukutosha kueleza tofauti hiyo.

Mazoezi hushusha shinikizo la damu, husaidia sukari kuingia kwenye misuli badala ya kuzagaa kwenye damu, huboresha usingizi, na hupunguza mafuta yanayozunguka ini na utumbo, ambayo ndiyo ya hatari zaidi, hata mizani ikigoma kusogea. Usingizi tuusisitize, kwa kuwa asiyelala vizuri huamka na njaa isiyo ya kawaida, na kipindi cha mitihani tunajua jinsi tunavyoishi.

Halafu kuna suala la kubaki chini ukishashuka. Chakula ndicho kinachopunguza kilo nyingi, lakini anayepunguza kwa kujinyima peke yake hupoteza misuli pamoja na mafuta, na kilo hurudi. Huko Marekani, Rena Wing na James Hill walianzisha mwaka 1994 daftari la watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi. Maelfu wamejiandikisha. Mbinu zao za kupungua zinatofautiana sana, ila wengi mno wanafanana kwa hili: wanafanya mazoezi, kwa wastani karibu saa moja kwa siku, na zoezi linalotajwa zaidi ni kutembea tu.

Kwa hiyo tunachowaambia waamini wanaotuuliza tukiwa parokiani ni machache. Tembea au kimbia, na usiuulize mwili kila wiki umelipwa kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kulima au kuchota maji kunahesabika. Ongeza kazi ya kubeba na kusukuma, misuli isiondoke. Panga chakula cha baada ya mazoezi kabla hujaanza mazoezi, kwa sababu ukisubiri njaa ikupangie, itapanga. Maharage na mboga za majani hushibisha kuliko chai yenye sukari. Kunywa maji kwanza. Anayetumia dawa za kisukari, hasa insulini, azungumze na daktari kabla ya kuanza, kwani mazoezi hushusha sukari na inaweza kushuka mno. Na wale wanaofunga Kwaresima na papo hapo wanataka kukimbia kilomita 10 ili wapungue, tunawasihi wachague wanafanya lipi kati ya hayo mawili.

Tunajua pia kwamba tunaandika makala hii katika nchi ambayo wapo wasomaji wenye tatizo la kinyume, nyumba ambazo shida ni sahani kuwa nusu. Kwao njaa baada ya jembe ni deni halali na linapaswa kulipwa lote.

Mwenzetu alirudi barabarani mwezi wa pili. Safari hii hakukimbia peke yake. Tulikwenda wanne, na kwa kuwa baadhi yetu hatuwezi kukimbia, tulitembea kwa kasi. Sukari ya saa nne ameipunguza. Mzunguko wake wa mchana na rozari umerudi. Kwenye ile mizani ya ghala amepungua kilo 2 tu, na shinikizo la damu zahanati wanasema linaendelea vizuri, ila asiache dawa. Wiki iliyopita mama fundi anayetushonea kanzu alimpima kwa futi yake, akaangalia daftari la vipimo vya mwaka jana, akampima tena. Kisha akamuuliza, "Frateri, huyu wa kwenye daftari ni wewe au kaka yako?"